Jol ya mbao ya Stavoren: siku tatu nayo kwenye IJsselmeer

Nimeikodi Stavoren, mji wa jimbo la Friesland kando ya ziwa IJsselmeer, kaskazini mwa Uholanzi. Ni mashua ya mwaloni ya mita sita hivi, aina ileile waliyovulia wavuvi wa pale heringi, anchovi na mikunga. Naipa nyota nne.

Aliyezoea majahazi atashangazwa kwanza na mlingoti: umesimama karibu na omo, yaani mbele kabisa, bila kamba hata moja ya kuushikilia pembeni. Tanga ni moja, pana, lenye foromali (mti wa juu unaoshika tanga) fupi iliyopinda. Mashua nyingi za Kiholanzi hubeba mbao kubwa ubavuni, zinazoteremshwa majini ili chombo kisisukumwe upande. Jol haina, kazi hiyo inafanywa na mkuku, boriti la chini ya mashua, kwa hiyo wavu unavutwa ubavuni bila kunasa popote. Uundaji wa akili sana.

Ugumu uko kwenye bisho, yaani kupanda dhidi ya upepo kwa kugeuka huku na huku. Hakuna tanga la mbele la kuusukuma omo, basi ukikata usukani ghafla inasimama palepale. Ipe mwendo kwanza, geuza taratibu, huku unavuta demani, kamba ya kuongozea tanga. Ikianza kurudi kinyumenyume, peleka usukani upande wa pili, utulie. Omo utazunguka wenyewe. Tanga lipunguze ukiwa bado bandarini, maana ziwa hili lina kina kifupi na mawimbi yake ni mafupi, ya wima, yanayofuatana bila nafasi. Kusini mwa Stavoren kuna fungu la Vrouwezand: upepo wa kusini-magharibi ukikaza, lizungukie mbali.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya ngama, maji yanayovujia ndani. Mashua ilikaa nchi kavu muda mrefu, nikakabidhiwa siku ileile iliyoshushwa majini. Mbao zilikuwa zimenywea na maji yakapita kwenye maungio: saa ya kwanza ndoo nne, siku ya pili ndoo moja asubuhi, siku ya tatu sponji lilitosha. Kalafati, yaani nyuzi za kuziba maungio, haikuwa na kosa, mbao zilihitaji tu kufura. Ila kuilowesha ni kazi ya mwenye mashua, na anayeharakisha kwa kushindilia kalafati kwenye mbao kavu anaiua: zikifura zinakosa pa kwenda, zinang'oa misumari.

Kagueni pia kuoza. Tangu bwawa la Afsluitdijk liifunge Zuiderzee, ghuba ya bahari iliyogeuka ziwa hili, mwaka 1932, maji hapa yamepoteza chumvi. Heringi na anchovi wakatoweka, na mbao zikakosa chumvi iliyokuwa ikizikinga. Adui mkubwa ni maji ya mvua yanayotuama penye pembe zisizopata hewa. Chomeni ncha ya kisu kwenye kitako cha mlingoti, kisha nyuma, mbao zinapokutana na tezi, mwisho wa nyuma wa mashua. Kitako kilikuwa kigumu kama jiwe. Kwenye ubao mmoja wa tezi ncha ilizama bila nguvu, na uzi wa mti ukatoka mweusi, umelowa. Nimemwonyesha mwenyewe, akaweka alama ya chaki.

Kabla ya kulipa, ulizeni imeshushwa majini lini. Chini ya siku tatu, ahirisheni.