Nagona: kijitabu kilichonimaliza wiki tatu

Nilikinunua Posta, kwa wale wauza vitabu wanaotandaza chini, elfu nne baada ya kuvutana kidogo. Kitabu chembamba, hakifiki hata kurasa mia. Nikajipigia hesabu: Kivukoni mpaka Kimara kwa mwendokasi, siku mbili kwenda na kurudi, nimekimaliza. Nimekimaliza wiki ya tatu, na hapo "kumaliza" ni neno tu.

Mwandishi wake ni Euphrase Kezilahabi, na Kezilahabi niliyemjua mimi ni yule wa riwaya ya Rosa Mistika: watu wana majina, baba mkali, pombe, kijiji unakiona. Nagona ya mwaka 1990 ni habari nyingine kabisa. Ni mtu yuleyule aliyewatibua wanamapokeo, wale wanaoshikilia vina na mizani, kwa mashairi ya Kichomi mwaka 1974, na humu kaifanyia riwaya vilevile. Msimulizi hana jina. Anaingia mahali palipo kimya, watu wapo lakini wameinamia vitabu, hakuna anayemshughulikia. Anachokisaka kinamponyoka kama paa porini, na wewe msomaji unakimbia nyuma yake bila kujua mnakwenda wapi.

Kilichonisumbua ni kwamba Kiswahili chake ni chepesi. Sentensi fupi, kamusi huhitaji. Unaelewa kila neno, halafu ukifika chini ya ukurasa unajiuliza: hivi nimesoma nini? Unarudi juu. Unarudi tena.

Na kinatisha. Hakuna damu wala jini wa kutoka chooni, ni ule ukimya tu. Sisi wa Dar tumezaliwa kwenye kelele. Konda, spika ya baa, jenereta la jirani, unalala navyo. Sasa usiku mmoja niko kwenye ule mji wake, umeme ukakatika. Feni ikapunguza, ikapunguza, ikasimama. Mtaa mzima ukanyamaza. Nikabaki na kitabu kifuani, sitaki hata kunyanyua mguu. Mwisho nikatoka nje nikakaa kibarazani na mama mwenye nyumba, akanieleza bei ya mchele kwa nusu saa, na sijawahi kuifurahia bei ya mchele kama usiku ule.

Kasoro zipo. Wakija wanafikra, kina Plato, Nietzsche, Freud na Marx, pale mimi nilichoka. Najua ndiyo roho ya kitabu, wasomi wa chuo kikuu pale Mlimani watanirukia, lakini hofu iliyojengwa taratibu inageuka kuwa darasa, nami darasa sikulilipia. Polepole ya mwanzo ina faida, maana kila hatua unasikiliza. Polepole ya pale katikati ni foleni tu.

Lingine si kosa la mwandishi. Nakala yangu kumbe ilikuwa fotokopi iliyobandikwa jalada. Kuna kurasa mbili zimejirudia, neno kwa neno, na mimi nikazisoma mara ya pili kwa heshima zote, nikiamini ni ufundi: safari ya duara, mtu anarudi alikotoka. Nikamweleza hivyo mwenzangu kazini kwa kujiamini kabisa. Akachukua kitabu, akatazama namba za kurasa, akanirudishia bila kusema kitu.

Aliyekuwa nacho kabla yangu aliandika pembeni kwa penseli. Mwanzoni "ishara", "taswira", mambo ya mtihani. Mbele kidogo ni alama za kuuliza tupu. Halafu penseli inakoma.

Kama unapenda hadithi inayokushika mkono, hiki kiache. Kama unaweza kusoma kurasa tatu, ukafunga, ukaenda kufua, kitakufaa, maana kinaendelea kufanya kazi huku unafua. Mimi natoa nne kati ya tano. Mzingile, iliyokifuata mwaka 1991, iko tayari mezani. Safari hii nilihesabu kurasa kabla ya kulipa.