Nani Kaachiwa Msiba? Uzoefu wangu na katuni za mashujaa zinazowakumbuka raia

Wasomaji wengi wakiulizia katuni inayowakumbuka raia waliouawa na wabaya, jibu la kwanza huwa Civil War ya kampuni ya Marvel (2006–2007), ambamo mashujaa wanagawanyika na kupigana wao kwa wao baada ya msiba mmoja. Ni jibu sahihi nusu, na ukinunua juzuu lisilofaa utaudhika kama nilivyoudhika mimi. Nitro, mbaya mwenye uwezo wa kujilipua, analipuka mjini Stamford, Connecticut, huku kundi la mashujaa vijana, New Warriors, wakimkimbiza mbele ya kamera za kipindi chao cha televisheni. Wanakufa watu 612, 60 kati yao watoto. Hadithi kuu ina matoleo 7, na humo msiba wote wa Stamford anatwishwa mama mmoja, Miriam Sharpe, aliyefiwa na mwanawe Damien. Kwenye ibada ya marehemu anamtemea mate Tony Stark, ambaye ndiye shujaa Iron Man. Baadaye huyohuyo anampa Stark kidoli cha Iron Man alichokuwa akichezea mtoto wake. Mfiwa kageuka mtoa msamaha, na wale wengine 611 hawana msemaji.

Ukitaka zaidi ya hapo tafuta Civil War: Front Line, mfululizo wa pembeni unaowafuata waandishi wa habari, matoleo 11, ambayo hayamo kwenye juzuu la hadithi kuu. Soma toleo la kwanza la Civil War, ndipo uifungue Front Line, uende nazo sambamba. Ukiiacha Front Line mpaka mwisho utakuwa unajua nani kashinda, na kurasa za waandishi wa habari zitakuchosha. Humo ndimo alimo Robbie Baldwin, yaani Speedball, mmoja wa New Warriors, aliyenusurika Stamford. Anajitengenezea vazi lenye miiba 612 upande wa ndani, mwiba mmoja kwa kila marehemu, na ile 60 ya watoto ni mikubwa kuliko mingine. Anajiita Penance.

Mara ya kwanza wazo hilo lilinishika koo. Nilipolirudia nikaona kasoro yake. Mwiba hauna jina. Halafu nguvu za Penance huwashwa na maumivu, kwa hiyo kila anapopigana wale watu 612 wanatumika kama kuni. Hakuna anayeweza kulitazama vazi hilo akajua ni mwiba upi wa nani, hata Robbie mwenyewe.

Tangu hapo nina kipimo kimoja tu ninaposoma katuni hizi: kazi ya kukumbuka kapewa nani? Akipewa shujaa, marehemu huwa sababu ya hasira yake, kisha hasira ikiisha nao wanaisha.

DC, wapinzani wa Marvel, ndio walionipa mfano mkubwa kupita yote. Mwaka 1993, katika Superman nambari 80, Coast City inafutwa pamoja na watu milioni 7. Hal Jordan, yaani shujaa Green Lantern, ambaye huo ndio mji wake, anarudi katika Green Lantern nambari 48 na kuujenga upya kwa pete yake inayoumba anachokiwaza, wazazi wake wakiwemo, mpaka chaji ya pete inapokwisha na kila kitu kuyeyuka. Ukurasa mzuri, sikatai. Lakini angalia pete inamrudisha nani: watu wa Hal. Kufikia nambari 50 ameshawageuka wenzake wa Green Lantern Corps, kikosi cha wenye pete kama yake, na kuwa mbaya aitwaye Parallax, na kuanzia hapo ukitajwa mji huo ujue anayezungumzwa ni yeye. Wale milioni 7 wamekuwa maelezo ya kwa nini mtu mmoja aliharibikiwa. Ukinunua mkusanyiko wa Emerald Twilight peke yake, yaani matoleo matatu tu, nambari 48 hadi 50, utakuta mji umeshakufa kabla hujaufahamu. Tangulia na Superman nambari 80, la sivyo utakuwa umefika matangani bila kumjua marehemu.

Sasa ije Watchmen (1986–1987), ambayo kwa kipimo changu haijapata mpinzani. Siri yake ni subira. Kwenye kona moja ya New York kuna kibanda cha magazeti. Muuzaji anaropoka siasa, na kijana amekaa pembeni anasoma katuni ya maharamia bila kulipa. Wanarudi toleo baada ya toleo na huenda ukawaona kama kijazio. Mwishoni mwa toleo la 11 watu wengine tuliowazoea wanakusanyika palepale: daktari wa magonjwa ya akili na mkewe, wapelelezi wawili, dereva wa teksi na mpenzi wake wakigombana. Mwanga wa shambulio linaloua mji unapokuja, muuzaji na kijana wanakumbatiana, kisha ukurasa unakuwa mweupe. Toleo la 12 linafungua kwa kurasa 6 nzima za maiti, kila ukurasa mchoro mmoja. Usizipite haraka. Rudi kwenye kona ile uwatafute, maana kumbukumbu hapa kaachiwa msomaji. Ndani ya hadithi, mashujaa wenyewe wanakubaliana kunyamaza kuhusu aliyewaua, isipokuwa mmoja wao, Rorschach.

Kwa asiye na muda wa matoleo 12, kuna hadithi moja fupi ya Astro City, mfululizo kuhusu mji wa mashujaa, nambari 1/2, ya mwaka 1996, iliyoandikwa na Kurt Busiek. Michael Tenicek anaota kila usiku mwanamke asiyemfahamu. Kumbe alikuwa mkewe. Vita vya mashujaa vilivuruga wakati, na dunia iliporekebishwa babu na bibi wa mwanamke yule hawakukutana. Hakuna kaburi wala picha. Hanged Man, shujaa wa ajabu wa mji huo, anamwachia Michael achague kusahau au kubaki nayo. Hadithi imewekwa ndani ya mkusanyiko uitwao Confession, kwa hiyo huenda unayo rafuni bila kujua.

Jambo la mwisho ni kuhusu machapisho. Mikusanyiko mingi huondoa barua za wasomaji, na wakati mwingine humo ndimo marehemu anamozungumziwa. Gwen Stacy, mpenzi wa Spider-Man, alikufa katika The Amazing Spider-Man nambari 121, mwaka 1973, alipotupwa kutoka darajani. Kwamba kilichomuua ni mshtuko wa kusimamishwa ghafla na utando wa Spider-Man, wahariri walilikiri kwenye ukurasa wa barua wa nambari 125. Ukinunua mkusanyiko bila ukurasa huo, unabaki na neno dogo la mlio kando ya shingo yake, rahisi kulipita. Na kuna hili pia: maandishi ya toleo la awali yanataja daraja la George Washington, mchoro unafanana na la Brooklyn. Mtu wa dunia ile akitaka kumpelekea Gwen maua, itabidi apite yote mawili.