Kula Mombasa kwa mara ya kwanza: uzoefu wangu

Kama unakwenda Mombasa kwa mara ya kwanza na shabaha yako ni kula, angalia saa kabla ya kuuliza mkahawa gani mzuri. Chakula cha mji huu kina wakati wake. Kinachouzwa alfajiri, saa nne hukikuti, na cha mchana ukikitafuta magharibi utaonyeshwa sufuria tupu. Mimi ni mtu wa Kisumu, nimekulia samaki na ugali, na likizo hii niliitenga makusudi kwa ajili ya kula. Nimeridhika karibu kila mahali, isipokuwa mahali pamoja ambapo nitapaeleza.

Anza Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale. Ukishuka tuktuk pale Fort Jesus, ingia vichochoroni kwa miguu. Asubuhi mapema ndiyo saa ya mahamri na mbaazi. Niliketi kwenye benchi karibu na karai nikatazama yanavyopikwa: donge linasukumwa, linakatwa pembe tatu, kila kipande kinatiwa kwenye mafuta, kisha mpishi anakirushia mafuta ya moto juu kwa upawa mpaka kinafura pande zote. Iliki unaisikia puani kabla hujatia kitu mdomoni. Hamri likiwa zuri, ukilichana ndani ni wazi, na hapo ndipo unapochotea mbaazi. Mbaazi nazo zilikuwa zimechemshwa mpaka zimelainika kabisa, tui zito likaingia mwishoni na kuachwa lishikane nazo, si mchuzi wa kukimbia sahanini. Nilipotaka kuondoka, mama aliyekuwa akiuza akanizuia: “Mwanangu, wamaliza na mbaazi zimebaki? Chukua hamri jingine.” Nikachukua. Kwa wastani wa bei za Kenya siku hizi, sijui ni wapi pengine ningeshiba hivyo kwa pesa kidogo namna ile.

Mchana ni zamu ya biriani na pilau, na hapa nawasihi wenzangu wa bara mfike mapema. Vibanda na mikahawa midogo hupika kiasi chake, kikiisha kimeisha. Saa nane u nusu unakuta watu wanaosha masufuria. Biriani ya huku haifanani na ule wali wa rangi tunaouziwa mijini kwetu kwa jina hilo. Wali hupikwa peke yake, masala ya nyama peke yake, na vinakutana kwenye sahani yako. Masala niliyokula yalikuwa mazito, yana mtindi, nyanya na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa vya kahawia, na kiazi kizima kilichofyonza viungo vyote. Nilikula cha mbuzi, nikala na cha kuku, na kwangu mimi mbuzi anashinda bila mjadala. Pilau ni nzuri pia, ila pilau nzuri nimeshaila kwenye harusi nyingi. Ijumaa biriani hupikwa kwa wingi zaidi, lakini kumbuka wengi hufunga wakati wa swala, kwa hiyo pisha swala ndiyo uende.

Sasa samaki, jambo ninalolijua na ninalolijali kuliko yote. Sisi wa ziwani tunamkaanga au tunampika kwa nyanya na vitunguu, na nilidhani hakuna mtu wa kunifundisha kitu kuhusu samaki. Samaki wa kupaka amenifundisha. Nilimtazama mchomaji, mzee niliyemwita ami kama walivyomwita wengine, akimchanja samaki aitwaye changu mbavuni, akamsugua chumvi, ndimu, saumu na tangawizi, kisha akamlaza juu ya makaa. Pembeni lilikuwapo sufuria la tui zito lililochemshwa na manjano, pilipili na ukwaju mpaka likashika mwiko. Changu alipokaribia kuiva, akapakwa, akageuzwa, akapakwa tena, na lile tui likaanza kukauka na kuungua kidogo kwenye kingo. Mle kwenye michanjo ndimo utamu wote ulipojificha: moshi, uchachu wa ukwaju, utamu wa nazi, kwa pamoja. Kwa wali wa nazi na kachumbari, sihitaji kingine. Muulize mchomaji samaki gani ameingia leo, umwachie yeye akuchagulie.

Ndiyo maana kile kisa cha ufukweni kiliniuma. Mkahawa mmoja wa kaskazini mwa mji, wenye vitambaa vyeupe mezani, uliniletea “samaki wa kupaka” aliyekaangwa kwenye mafuta kisha akamwagiwa mchuzi wa manjano juu. Hakuwa amegusa makaa. Bei ilikuwa mara kadhaa ya ile ya Mji wa Kale. Nilimweleza mhudumu kwa upole, naye akajibu kwamba wageni ndivyo wanavyopenda. Siamini. Mgeni amesafiri mbali ili aonje kitu chenyewe, na anayempikia kitu kingine kwa jina lilelile anamnyima haki yake. Kula huko ukitaka upepo wa bahari, lakini agiza vitu vya kawaida.

Alasiri nenda Mama Ngina, pale ufukoni karibu na feri ya Likoni, penye mibuyu mikubwa. Pamekarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019, pana nafasi ya kutosha ya kuketi na watoto, na meli zinazoingia bandari ya Kilindini zinapita karibu mno na nchi kavu. Chakula cha hapo ni muhogo, wa kukaanga au wa kuchoma, unapasuliwa katikati ukiwa moto, unapakwa chumvi na pilipili ya unga, kisha unakamuliwa ndimu. Nilikuwa nimetoka kutembelea Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, na nikakumbuka kwamba muhogo na pilipili vyote viwili asili yake ni Amerika, na ni Wareno walioviingiza Afrika. Ngome imebaki ya kutazamwa na watalii, muhogo umekuwa wa wenyeji kabisa. Teremshia kwa dafu. Muuzaji ataniuliza nini, nilijiuliza, na kumbe swali ni moja tu: “Wataka la maji au lenye nyama?” Mimi husema lenye nyama. Ukimaliza kunywa, humrudishia akalipasua kwa panga na kukuchongea kijiko kutoka ganda lake lenyewe.

Usiku, kuanzia magharibi, ndipo barabara zinapojaa. Viazi karai, bajia, mishkaki, katlesi, sambusa, kila hatua kuna jiko. Viazi karai ndivyo nilivyovirudia zaidi: kiazi kilichochemshwa, kikavikwa uji wa unga wenye manjano, kikakaangwa, na ukwaju ukamwagwa juu. Usikubali vilivyokwisha kupoa, subiri vinavyotoka karaini. Barabara ya Makadara uko mkahawa wa Tarboush, wanaojulikana kwa kuku wa tikka na naan, pazuri kama mko familia nzima na mnataka meza. Kaimati na vitu vingine vya sukari sikuvishughulikia sana, vilikuwa vitamu kupita kiasi changu.

Funga siku kwa kahawa tungu. Muuza kahawa anabeba birika refu la shaba lenye makaa chini yake, anamimina kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono, kahawa nyeusi yenye tangawizi. Haitiwi sukari, ila unapewa kashata au kipande cha halua utafune katikati ya mafunda. Wazee waliokuwa barazani walinisogezea nafasi na mazungumzo yakaendelea kama nilikuwapo tangu mwanzo. Toa salamu kwanza kabla ya kuuliza bei, shikamoo kwa mkubwa, na utaona tofauti ya unavyohudumiwa.

Mengine ya haraka. Nauli ya tuktuk mpatane kabla hujapanda. Maji kunywa ya chupa. Ukiwa Mji wa Kale vaa kwa staha, ni mitaa ya watu wanaoishi. Kama safari yako inaangukia Ramadhani, mchana vibanda vingi vimefungwa, lakini jioni hakuna wakati bora zaidi, maana vyakula vya futari hutoka vyote kwa pamoja barabarani.

Kabla ya kuondoka, pitia Marikiti, soko la zamani lililopewa jina la Mackinnon wakati wa ukoloni, ununue viungo. Usinunue bizari ya pilau iliyokwisha kusagwa na kufungwa. Chagua jira, mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga wewe mwenyewe, uvinuse, halafu omba visagwe mbele yako. Pale niliponunua mimi walikubali bila kinyongo. Mabuyu mekundu ya watoto yapo nje hapohapo, na achari ya embe ifungwe vizuri ndani ya mifuko miwili, kwa sababu mafuta yake hupenya nguo.