Shampuu, nta, polishi: ununue nini kwanza kwa gari inayoishi visiwani

Gari nyingi zinazoshuka bandarini Malindi, Unguja, zinatoka Japani zikiwa zimeshatumika, na bado rangi yake ina uhai. Zikipita misimu michache ya kusi na kaskazi bila ya matunzo, boneti hupauka, paa hufifia, na vijipele vya kutu huanza chini ya milango. Hapo ndipo watu wanapokwenda madukani kutafuta polishi, na hapo ndipo pesa inapopotea. Kwa gari inayoishi Unguja au Pemba, shilingi ya kwanza iende kwenye sabuni ya kukoshea na vitambaa, ya pili kwenye kinga ya rangi, na polishi isubiri mpaka iwe na kazi ya kufanya. Nimeupanga mwongozo huu kwa utaratibu huo.

Adui wetu mkubwa ni chumvi. Kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, inaipiga pwani ya mashariki moja kwa moja: Jambiani, Paje, Bwejuu, Kiwengwa. Kaskazi, Disemba hadi Machi, inaielemea Nungwi na Matemwe. Gari ikilala karibu na ufuko usiku mmoja tu, asubuhi pitisha kidole juu ya kioo cha mbele: kinanata, na ukionja ni chumvi tupu. Chumvi huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu ukifika takriban asilimia 75, na kwetu unyevu wa namna hiyo ni jambo la kawaida. Ndiyo maana gari inaweza kukaa bandani, haijaguswa na tone la mvua, na bado ikaliwa. Nta pekee haiwezi kuzuia hilo, kwa sababu nta hulinda rangi tu, haifiki kwenye chuma cha chini. Maji mengi yasiyo ya chumvi, juu na chini ya gari, hasa ndani ya madigadi na kwenye vitundu vya kutolea maji chini ya milango, ndiyo kazi ya kwanza. Baada ya hapo ndipo tuzungumze dukani.

Cha kwanza: shampuu ya gari na vitambaa vya maikrofaiba

Najua wengi watasema sabuni ya unga ya nyumbani inatosha. Haitoshi, na inaharibu. Sabuni ya unga imetengenezwa kwa ajili ya kung'oa mafuta kwenye nguo, kwa hiyo inang'oa na nta uliyoipaka. Chembe zake zisizoyeyuka vizuri ndani ya ndoo husuguliwa juu ya rangi pamoja na vumbi. Sabuni ya maji ya vyombo haikwaruzi kama ya unga, lakini nayo huondoa nta. Itumie mara moja tu, siku unayotaka kuvua nta kuukuu kabla ya kupaka mpya, halafu irudi jikoni.

Shampuu ya gari unayoitafuta ni ile ambayo chupa yake inasema pH yake ni ya kati, yaani karibu na 7, na isiyo na nta ndani. Zile zenye nta hunadiwa sana, ila nta yenyewe ni kidogo, na huacha ukungu kwenye kioo. Usitazame bei ya chupa, tazama bei ya mkosho mmoja. Shampuu nzuri hutumia kiasi cha mililita 30 kwa ndoo ya lita 10, kwa hiyo chupa ya nusu lita inakupa mikosho 16. Chupa rahisi inayotaka vifuniko vitano kila ndoo itaisha kabla ya mwezi, na hapo utakuwa umelipa zaidi.

Vitambaa nunua vya maikrofaiba, visivyopungua vitatu: kimoja cha kukoshea mwili wa gari, kimoja cha kukaushia, kimoja cha kufutia nta. Rimu na chini vitafutie tambara jengine kabisa. Dodoki na fulana kuukuu ziache. Ukitaka kujua kama kitambaa ni kizuri, kipapase kwa kiganja kikavu: kinapaswa kukamata ngozi kidogo. Kikiteleza kama hariri, ni poliesta ya kawaida iliyopewa jina la maikrofaiba. Na kitambaa kilichoanguka kwenye kifusi cha matumbawe kisirudi kwenye rangi siku hiyo, hata ukikikung'uta vipi. Vumbi lile jeupe hujificha ndani ya nyuzi.

Ndoo ziwe mbili, moja ya shampuu na moja ya kusuuzia kitambaa. Hizo zipo nyumbani tayari.

Suala la maji lina uzito wake hapa kwetu. Maji mengi ya visima vya Unguja yanatoka kwenye mawe ya chokaa, na ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika la chai ndio huo huo unaobaki kama madoa ya duara juu ya boneti gari ikikaukia juani. Kwa hiyo kosha kivulini, asubuhi mapema au baada ya alasiri, na kausha hapo hapo kwa kitambaa. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati hayana chokaa hiyo; ukiwa na pipa, yawekee kazi ya mwisho ya kusuuza. Madoa yaliyokwisha kukaa hutoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu: pangusa, usiiache ikauke, suuza kwa maji mengi. Huna haja ya kununua chupa maalumu ya kazi hiyo.

Cha pili: kinga ya sintetiki

Hapa ndipo ningeweka pesa zaidi. Kinga ya sintetiki ni nta ya kiwandani, haitoki kwenye mmea, na inastahimili jua na mikosho ya mara kwa mara kuliko nta ya asili. Makopo mengi huahidi miezi minne hadi sita, na yapo ya Kijapani, kama aina moja ya Soft99, yanayoahidi mwaka mzima. Kwa jua letu na chumvi yetu, jipangie kupaka mara mbili kwa mwaka hata kama kopo linasema zaidi: mwisho wa Mei masika ikishapita na kabla kusi haijashika, na tena mwanzo wa Disemba kabla ya kaskazi. Baina ya hapo, yaangalie maji. Yakiwa bado yanajikusanya matone madogo madogo juu ya paa, kinga ipo. Yakianza kutandaa, imekwisha.

Ipo ya kopo, ya kupaka na kufuta, na ipo ya kupuliza juu ya gari iliyolowa baada ya kukosha. Ya kopo hudumu zaidi. Ya kupuliza, hasa zile zenye silika, inamfaa dereva wa teksi au mwenye gari ya kukodisha watalii ambaye hana saa mbili za kukaa na kitambaa. Ukiipaka kila baada ya mikosho michache, rangi inabaki salama. Ya kupuliza ina sharti moja: isikaukie juani, itaacha michirizi.

Cha tatu: nta ya karnauba

Nta hii inatoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi unaoota Brazili, na ni ngumu kuliko nta nyengine za asili. Huyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 80. Mng'aro wake ni wa kina, wenye joto, na kwenye gari nyeusi au nyekundu iliyokolea sijaona kinachoushinda. Kwa gari ya harusi, au kwa mtu anayetaka gari yake ipendeze Sikukuu ya Idd, inunue bila ya kusita. Nimeiweka ya tatu kwa sababu moja tu: haidumu. Kwetu hesabu wiki nne mpaka sita, na pungufu ya hapo ikiwa gari inalala karibu na bahari.

Kabla ya kulipa, omba kopo lifunguliwe. Maduka mengi huyapanga makopo mbele, kwenye jua la mchana, na nta ikipikwa hivyo mara kwa mara mafuta hujitenga. Nta nzima huwa laini, ya rangi moja, na kidole huacha alama safi juu yake. Ukiona nyufa, au imejivuta kutoka kwenye kingo za kopo, au kuna dimbwi la mafuta juu, rudisha. Kopo la gramu 200 ni dogo kwa macho lakini linatosha gari ndogo zaidi ya mara kumi, kwa sharti upake utandu mwembamba mno. Mtu anayepaka nta nene anapoteza nta na nguvu za mkono, maana yote ya juu inaishia kwenye kitambaa.

Cha nne: udongo wa kusafishia rangi

Ni kipande laini unachokiteleza juu ya gari iliyolowa maji ya shampuu, kikaokota lami, utomvu na chembe zilizojipachika. Wenye gari zinazoegeshwa chini ya miembe, kama ile ya Bi Khole kule Bungi, watakiona kina faida. Mara moja au mbili kwa mwaka, kabla ya kupaka kinga. Kikianguka chini, kitupe.

Kinyesi cha kunguru kisingoje udongo wala siku ya kukosha. Lowanisha kwa kitambaa chenye maji kwa dakika chache, kisha inua bila ya kusugua. Kikioka juani siku nzima, huacha kovu lisilotoka kwa nta.

Cha mwisho: polishi na kompaundi

Polishi haiongezi kitu juu ya rangi. Inakwangua. Juu ya rangi ya gari za kisasa kuna tabaka angavu la vanishi ambalo mara nyingi halizidi mikroni 50, yaani sehemu tano za mia za milimita moja, na kila unapopiga polishi unalipunguza. Kompaundi ni kali zaidi, na ikipigwa kwa mashine na mtu mwenye haraka, kwenye kingo za boneti na milango vanishi huisha kabisa. Baada ya hapo hakuna chupa itakayoirudisha, ni kupiga rangi upya.

Kwa hiyo nunua polishi, ile laini, pale tu rangi imeshapauka au ina mikwaruzo inayoonekana juani. Jaribu kwanza mahali padogo pasipoonekana, kwa mkono, na ukimaliza upake kinga siku hiyo hiyo, kwani rangi iliyopigwa polishi imebaki wazi. Maandishi ya chupa huchanganya watu, kwa kuwa nta nyengine zimeandikwa polishi. Soma maelezo ya kutumia: yakikwambia upake nta baadaye, hiyo inakwangua. Yakisema acha ikauke mpaka iwe na ukungu kisha futa, na yakataja miezi ya kudumu, hiyo ni kinga.

Taa za mbele zilizogeuka manjano ni kazi inayoistahili polishi. Taa hizo ni za plastiki ya polikabonati, na jua limelila tabaka lake la juu. Polishi itazirudisha kuwa angavu, lakini bila ya kinga juu yake manjano hurudi upesi.

Visivyostahili pesa yako

Dizeli na mafuta ya taa yanayopangusiwa mwili wa gari ili ing'ae: huyeyusha nta, hulainisha mipira ya milango, na hunasa vumbi kabla hujafika Mwanakwerekwe. Gundi ya utepe wa maua ya harusi itoe kwa mafuta ya nazi, kisha kosha. Kinga ya seramiki ya kupakwa na fundi ni nzuri kweli, lakini inataka rangi isafishwe na kusawazishwa kwanza, na gharama yake ina maana kwa gari yenye rangi bado nzima, si kwa ile iliyokwisha kuchubuka.

Mwenye pesa kidogo anunue shampuu, vitambaa vitatu na kinga ya kupuliza, basi. Mwenye gari ya kukodisha aongeze kinga ya kopo kwa ajili ya Mei na Disemba. Na mwenye gari inayovuka kwenda Mkoani, Pemba, kwa meli, akishashuka tu, atafute mpira wa maji aanzie chini ya gari, kabla hata ya kugusa boneti.