Gateway Arch, St. Louis: anzia mahakamani, kileleni baadaye

Wageni wengi wa St. Louis, mji wa jimbo la Missouri, Marekani, hukimbilia kupanda Gateway Arch, lile tao la chuma, wakapiga picha na kuondoka. Wamepoteza nusu bora ya hifadhi hii. Mahakama ya Zamani na makumbusho ya chini ya ardhi havina kiingilio. Kupanda kunahitaji tiketi ya kulipia.

Anza na Mahakama, iliyofunguliwa tena Mei 2025 baada ya ukarabati. Hapa, Aprili 1846, Dred Scott na mkewe Harriet, waliokuwa watumwa, walidai uhuru wao, kwa hoja kwamba walikuwa wameishi kwenye ardhi isiyoruhusu utumwa. Mwaka 1847 walishindwa kwa kasoro ya ushahidi: shahidi alieleza aliyoyasikia kwa mwingine. Mwaka 1850 wakashinda, na 1852 Mahakama ya Juu ya jimbo la Missouri ikaufuta ushindi huo. Kisha, Machi 6, 1857, Mahakama ya Juu ya Marekani chini ya Jaji Mkuu Roger Taney ikatamka, kwa kura 7 kwa 2, kwamba mtu mwenye asili ya Afrika hawezi kuwa raia, na kwamba Bunge halina mamlaka ya kuzuia utumwa katika maeneo mapya. Ugomvi wa utumwa kati ya majimbo ya Kaskazini na ya Kusini, uliokuwa ukipozwa kwa mapatano tangu 1820, ukakosa pa kumalizikia bungeni. 1861 bunduki zikalia: Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Usihangaike kutafuta chumba chenyewe cha kesi, kwani jengo lilibadilishwa na hakipo tena kama kilivyokuwa.

Ukitoka hapo, makumbusho yataeleweka. Yana sehemu sita, kuanzia mji wa wakoloni hadi ujenzi wa tao. Ununuzi wa Louisiana wa 1803, Marekani ilipoinunua ardhi kubwa ya magharibi kutoka Ufaransa kwa dola milioni 15, umeelezwa vizuri, lakini tulia zaidi kwenye vita vya Marekani na Meksiko, ambako upande wa walionyang'anywa ardhi nao unasikika. Vita hivyo vilitangazwa Mei 1846, wiki chache tu baada ya akina Scott kufungua kesi. Kila ardhi mpya ilirudisha swali lilelile: watumwa wataruhusiwa au la? Tenga saa mbili kamili.

Safari ya kileleni, mita 192 juu, ina masharti yake. Nunua tiketi mapema kwenye intaneti, maana wikendi za kiangazi huisha. Fika nusu saa kabla, kuna ukaguzi kama wa uwanja wa ndege. Unapandishwa kwa treni ndogo ndani ya tao; kila treni ina vijumba 8 vya duara, na kila kimoja hubeba watu 5 waliobanana magoti kwa magoti. Mlango wake una urefu wa mita 1.2 hivi, kwa hiyo inama. Kupanda ni dakika 4, kushuka 3. Anayeogopa mahali finyu asijaribu, na asiyeweza ngazi abaki chini, kwani ziko nyingi na kiti cha magurudumu hakifiki. Nenda msalani kwanza. Juu hakuna choo.

Madirisha ya kule juu ni membamba, inabidi ulalie tumbo kwenye ukuta ulioinama ndipo uone. Tazama mashariki kwanza: mto Mississippi, na ng'ambo yake Illinois, jimbo lisilo na utumwa ambako Scott aliwahi kuishi. Halafu geukia magharibi. Kuba la Mahakama liko mbele yako moja kwa moja.