SageMath kwa wanaohangaika na utawala kwenye grafu: naipa nyota nne

Wadau wa hesabu, hii programu ni ya bure na nimeikubali. Kazi yangu ni utawala kwenye grafu (grafu ni nodi, yani vidoti, zilizoungwa kwa mistari): unatafuta nodi chache kabisa, ndo watawala, ambazo kila nodi iliyobaki imeungana na angalau mojawapo. Mwanzo nilikuwa na NetworkX, maktaba ya Python ya grafu, nayo ina amri yake ya dominating_set, ila maelezo yao wenyewe yanasema seti utakayopewa sio lazima iwe ndogo kuliko zote, mi mvivu wa kusoma maelezo nikajaza jedwali langu zima la majibu ndo nikaja kushtuka. Sage inakupa ndogo kabisa.

Utamu uko kwenye kuongeza mistari. Chukua duara la nodi 7, zipe namba 0 mpaka 6, jibu lake (idadi ya watawala) ni 3. Unga 0 na 2, jibu linashuka kuwa 2. Futa huo mstari, unga 0 na 3, jibu limeganda palepale kwenye 3! Nikajua nimekosea kuandika, nikarudi kwenye karatasi, kumbe kweli, ule wa kwanza nodi 0 inashika 6, 1 na 2, zinabaki 3, 4, 5 ambazo 4 anazimaliza peke yake, ila kwa huu wa pili zinabaki 2, 4 na 5 na hakuna wa kuzishika zote, hata ukianzia kwa 3 mambo ni yaleyale. Grafu ya Petersen, moja ya grafu maarufu, ndo kiburi kabisa, nodi 10, jibu 3, na haishuki mpaka uiongezee mistari 3.

Halafu kwenye amri ya Sage weka independent=True, hapo watawala hawaruhusiwi kuungana wao kwa wao. Chukua grafu mbili za umbo la nyota, kila moja kitovu kimoja kilichoungwa na majani matano, zinataka 2, unga vitovu vyake tu, jibu linaruka mpaka 6, maana kitovu kimoja tu ndo kinaruhusiwa na majani matano ya upande wa pili inabidi yajitawale yenyewe. Mstari umeongezwa na gharama imepanda, nilicheka mwenyewe.

Nyota moja nimekata kwa sababu ya Windows, lazima upitie WSL (Linux ndani ya Windows) na mzigo wake sio mdogo. Grafu kubwa nazo zinakuweka sana, ila hapo tusiionee, tatizo lenyewe ni gumu kwa asili. Kama hutaki kuinstol kuna SageMathCell kwenye brauza, hata kwa simu inaenda, sema mabano yanatesa vidole, mi naandika kwenye noti kwanza ndo napesti.