Duka la magazeti ya zamani Kamalondo: nunueni toleo zima

Kwa anayekusanya magazeti ya miaka ya kwanza ya uhuru wa Kongo, duka dogo la karatasi za zamani lililoko Kamalondo, hapa Lubumbashi, linastahili kutembelewa, kwa sababu mwenye duka huuza toleo zima, ilhali wauzaji wengine mjini huchomoa ukurasa wa kwanza wenye picha kubwa na kuziacha kurasa za ndani zifungiwe karanga. Ni hasara kubwa. Katika nakala ya L'Essor du Katanga niliyonunua hapo, ukurasa wa kwanza ni wa Tshombe, kiongozi wa Katanga, na wageni wake, lakini ndani nilikuta tangazo la baiskeli, taarifa za misiba na bei za vitambaa, yaani Elisabethville (jina la zamani la Lubumbashi) ya watu wa kawaida wakati wa kujitenga kwa jimbo la Katanga na Kongo, kulikoanza Julai 1960 na kumalizika Januari 1963.

Magazeti yamepangwa kwa tarehe, na mwenye duka anazijua vizuri. Anayetafuta habari za kifo cha Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, huomba matoleo ya Januari 1961, kwa kuwa aliuawa tarehe 17 ya mwezi huo. Mzee humweleza kwamba serikali ya Katanga ilikitangaza kifo hicho tarehe 13 Februari, na kwamba yafaa kuanza kutafuta hapo. Maelezo hayo huyatoa kabla ya kupokea pesa, jambo ambalo nalipongeza kwa dhati. Pale tarehe iliporaruka, hutazama kama chini ya jina la gazeti pameandikwa Elisabethville, kwani mji ulibadilishwa jina mwaka 1966, au kama bei ni ya faranga, zilizotumika hadi sarafu ya zaire ilipoingia mwaka 1967.

Kinachonisikitisha ni utepe wa gundi ambao mwenye duka huzibia nyufa za karatasi. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa rojo la mbao, na lignini iliyomo, yaani kitu kinachoshikamanisha nyuzi za mti, huifanya iwe ya manjano na kukatika kwa urahisi kadiri inavyopata mwanga na hewa. Gundi nayo hupenya ndani na haitoki tena. Nakala yangu moja ina mstari wa kahawia katikati ya safu mbili, na herufi za upande wa pili zinaonekana kupitia hapo. Mwenye duka aliniambia, "Papa, hii usiikunje tena, itakatika," na ni kweli, ila ingefaa zaidi aziache nyufa kama zilivyo na kuilaza karatasi katika jalada lisilo na asidi, mbali na dirisha na unyevu wa masika.

Bei haziandikwi, hivyo ulizeni kwanza, na ombeni nakala ifunguliwe yote mezani mhesabu kurasa kabla ya kulipa.